Tumehamia Tanga na watoto watatu, gari dogo, wikendi tu: tuanzie wapi kutembea?

#1 MgeniWaSahare
Wakuu salaam. Familia imehamia Tanga kutoka Singida, tunakaa Sahare. Watoto ni wa miaka 4, 9 na 13. Wa katikati ana pumu. Gari ni dogo la otomatiki, limekaa chini. Kwenye orodha tunayo Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, kisiwa cha Maziwe, msitu wa Amani na Lushoto. Ushauri tuliopewa ni kuanza na pa karibu, tumalizie na pa mbali. Ni sawa? Na wapi kuna mitego ambayo mgeni haioni?

#2 NahodhaMstaafu
Karibuni. Aliyekwambia upange kwa umbali ni mtu wa bara mwenzako. Huku tunapanga kwa mwezi.

Bamvua, yaani siku maji yanapokupwa na kujaa kupita kawaida, huwa mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo maji hukupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, hujaa saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Kila kukicha saa zinasogea mbele, wastani wake dakika 50. Ukifika mwezi saba au ishirini na moja hivi, kwa siku za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu: hayakupwi sana wala hayajai sana, na saa zimegeuka, saa nne asubuhi unakuta yamejaa.

Kwa hiyo wikendi ya bamvua asubuhi ni ya Maziwe, jioni ni ya kuogelea Raskazone. Ukigeuza, utafika Raskazone saa nne ukute mawe na matope, watoto wakununie siku nzima. Huhitaji programu ya simu, kalenda ya Kiislamu ya ukutani inatosha.

#3 MamaChumbageni
Nahodha yuko sahihi kwa bahari, ila mwenye mtoto wa pumu kwanza aulize habari za Amboni.

Mapango yako kama kilomita 8 kutoka mjini, njia ya Horohoro, upande wa Kiomoni. Ndani kuna popo wengi, na kinyesi chao kikikauka vumbi lake hupanda kila mtu anapokanyaga. Mvishe barakoa kabla ya kuingia, dawa ya kuvuta iwe mfukoni mwa mzazi anayetembea naye, si kwenye begi lililobaki garini. Ombeni mwongozaji awapitishe mbele ya makundi ya wanafunzi. Mkiwa nyuma yao vumbi lote lenu.

Vyumba vya mwanzo ni vipana. Mbele njia inabana, kuna mahali mtu mzima anainama kabisa au kutambaa. Mtoto wa miaka 4 usimbebe mgongoni, maana ukiinama kichwa chake ndicho kinachogonga mwamba. Mwache atembee mbele yako umeshika mkono wake, penye kubana mpokezane. Viatu vya kufunga vyenye soli ya kushika. Kandambili huteleza kwenye mwamba wenye unyevu. Tochi ya kichwani ni bora kuliko ya simu, kwa sababu mikono yote miwili ina kazi.

#4 PopoWaKiomoni
Msisahau kumwambia mgeni kwamba lile pango linatokea Mombasa. Wapo wazungu wawili waliingia na mbwa wao wasionekane tena, mbwa akaja kuonekana Kilimanjaro.

#5 MwalimuWaZamu
#4 watoto wa watu hao, usianze. Mwaka 1994 timu ya Wajerumani na Waturuki ilipima mapango kumi ya eneo lile, refu kuliko yote likaonekana kuwa na mita 900 tu. Miamba yenyewe ni chokaa ya enzi ya Jurassic, zaidi ya miaka milioni 140, na maji yenye tindikali hafifu ndiyo yaliyoyeyusha hayo matundu kidogo kidogo. Chokaa hiyo haiendi hadi Kilimanjaro. Kule ni volkano.

#6 PopoWaKiomoni
Mwalimu, walipima walipoweza kupita. Penye tope na mawe yaliyoporomoka walipima kwa macho?

#7 MgosiWaMuheza
Na Osale Otango je? Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni ilimsaka yeye na Paulo Hamisi, na wenyeji wanasema maficho yao yalikuwa mle mle. Pango lenye mlango mmoja si maficho, ni mtego. Lazima kulikuwa na matokeo mengi.

#8 MwalimuWaZamu
Matokeo mengi nakubali, eneo lina mapango kadhaa na matundu ya juu. Ila matokeo mengi ndani ya eneo moja si njia ya kwenda Mombasa. Mgeni, jambo la maana kwako: siku hizi Amboni iko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Beba kitambulisho cha taifa, Mtanzania halipi sawa na mgeni wa nje, na uwe na salio kwenye simu kwa ajili ya kulipia kwa kumbukumbu namba. Noti peke yake zinaweza kukukwamisha getini. Ukikuta chupa za marashi na vitambaa ndani, ni sehemu ya mizimu, watu wanaleta nadhiri zao. Watoto wasiguse.

#9 MgeniWaSahare
Shukrani. Barakoa sikuwa nimeiwaza kabisa. Sasa Maziwe: ni salama kwa wa miaka 4?

#10 BintPangani
Ni salama ukijua mambo matatu: boti, kivuli, na saa ya kuondoka.

Maziwe ni fungu la mchanga katikati ya miamba ya matumbawe, kusini mashariki ya mdomo wa mto Pangani. Hakuna mti hata mmoja, hakuna choo, hakuna maji ya kunywa. Bebeni turubai na miti minne ya kulisimamisha, na mifuko mitupu ya kujaza mchanga palepale, mnaifunga kwenye kona. Mambo ya kigingi sahauni, mchanga haushiki na upepo utaondoka na turubai. Maji ya kunywa lita mbili kwa kila mkubwa, moja na nusu kwa mtoto. Pia ni eneo tengefu la bahari, kwa hiyo kuna ada. Muulize mwenye boti kama bei yake imeijumlisha, maana ugomvi mwingi wa pale ufukweni unaanzia hapo.

Jaketi okozi: usikubali la mkubwa kwa mtoto. Mvishe, funga mikanda yote, kisha shika mabegani ulivute juu. Likipita kidevu, akiangukia majini litamtoka. La mtoto liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Kama mwenye boti hana, tafuta boti nyingine, hata kama hii bei yake tamu.

Unaweza kuondokea Pangani mjini au Ushongo. Ushongo ni karibu zaidi na kisiwa ila unavuka mto kwenda Bweni kwanza, halafu barabara ya vumbi.

#11 NahodhaMstaafu
Bint kamaliza, naongeza la maji. Wageni hudhani maji yanajaa kwa mwendo mmoja. Sivyo. Yakishakupwa, saa ya kwanza yanarudi taratibu na watu wanajisahau. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanakimbia: kwenye bamvua inayopanda mita tatu, kila moja ya saa hizo huongeza karibu robo tatu ya mita. Mtoto aliyekuwa anachezea maji ya magotini, baada ya saa moja ni kifuani. Vyombo vianze kupakiwa saa mbili baada ya kukupwa. Bamvua ikijaa fungu lote linafunikwa, hakuna pa kusubiri.

#12 BintPangani
Ndiyo maana mimi kwa familia yenye watoto wadogo nasema waende maji mafu, si bamvua. Mchanga unabaki mdogo lakini haukimbii, mkondo ni hafifu, na maji ya matumbawe yanakuwa maangavu, hata wa miaka 9 ataona samaki bila kusukumwa. Bamvua ni raha ya wapiga picha.

#13 NahodhaMstaafu
Maji mafu utamwonyesha nini? Miamba yote iko chini, fungu lenyewe kama mkeka.

#14 BintPangani
Nitamwonyesha mtoto wake akiwa mzima 😂

#15 KasaMwitu
Wakati mnabishana, mgeni ajue kwamba Maziwe haikuwa hivi. Ilikuwa kisiwa chenye mivinje, na miongoni mwa sehemu kubwa za kasa na ng'amba kutaga katika pwani yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Walioimaliza ni watu: kuni, nguzo, kambi za wavuvi. Mizizi ikiondoka, mchanga hauna wa kuushika.

#16 MwalimuWaZamu
Hiyo ndiyo sababu inayorudiwa sana. Ila visiwa vya mchanga huhama vyenyewe, na kina cha bahari kinapanda. Mvinje unaweza kuwa ulianguka kwa sababu ufukwe ulishaliwa, si ufukwe kuliwa kwa sababu mvinje umeanguka. Tuambieni kipi kilitangulia.

#17 FundiGia
Mmesahau mabwawa ya mto Pangani. Hale walijenga 1964, Nyumba ya Mungu mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 60. Mto ulikuwa unashusha mchanga baharini, bwawa likaushika. Miaka kumi na kitu baadaye kisiwa hakipo. Mimi fundi wa magari tu, lakini kitu kikikosa mlo kinakonda.

#18 KasaMwitu
Fundi, mchanga wa Maziwe ni mweupe, ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Hautoki mtoni. Mchanga wa mto Pangani ni wa kahawia, angalia pale mdomoni.

#19 FundiGia
Na ufukwe wa bara ukikosa mchanga, mikondo si inabadilika? Nauliza.

#20 KasaMwitu
Inaweza. Ila haijibu kwa nini miti ilikatwa. Jambo moja lisilo na ubishi: kasa bado wanapanda kutaga pale, na kwa kuwa bamvua inafunika mayai, viota huhamishiwa ufukwe wa Ushongo. Mayai huanguliwa baada ya kama miezi miwili. Ukiwa upande huo uliza kama kuna kiota kinachotarajiwa kufunguka. Watoto wasimulike tochi: wale wadogo hufuata mwanga, wataelekea nchi kavu badala ya bahari.

#21 MgosiWaMuheza
Bahari imetosha, mgeni ana orodha ndefu. Amani: jaza mafuta Muheza, kule juu usitegemee kituo. Kutoka Muheza barabara ni ya udongo hadi geti la Sigi, na gari dogo linafika wakati wa kiangazi. Kutoka Sigi kupanda Amani ni kama kilomita 9 za mlima na kona. Masika, Machi hadi Mei, hapo gari lililokaa chini halina biashara: udongo ni mfinyanzi, tairi zinapakwa tope zinakuwa laini, gari linateleza kurudi nyuma huku linaunguruma. Acha gari Sigi, pana njia za kutembea palepale zinazowatosha watoto, mto, vipepeo na vinyonga. Wakala wa Misitu ndio wanaopokea ada. Mchukue mwongozaji wa msitu, na soksi ziwe juu ya suruali kwa ajili ya siafu.

Huko juu bustani ya mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ipo mikwinini, mikafuri, mikarafuu. Kwenye vita vya kwanza, meli za Mwingereza zilipofunga bahari, Wajerumani walitengeneza kwinini yao hapo. Mtoto wa miaka 13 mwonyesheni ganda la mkwinini, mwambieni dawa chungu ya malaria ilitoka humo.

Wasio na gari wajue: kwa kawaida basi la Amani hushuka alfajiri na kupanda mchana, kwa hiyo kwa basi huwezi kwenda na kurudi siku moja.

#22 BustaniYaBibi
Mgosi umeacha fahari yetu: lile ua dogo la zambarau ambalo Ulaya kila nyumba lina kopo lake, Saintpaulia. Limetoka Amani.

#23 MwalimuWaZamu
Limetoka Amboni. Aliyelipeleka Ujerumani ni Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, na likapewa jina la kitaalamu mwaka 1893. Aina ile ya kwanza, ionantha, inaota kwenye miamba ya chokaa karibu na Tanga mjini.

#24 BustaniYaBibi
Na kwenye misitu ya Usambara pia lipo, na aina nyingine nyingi kuliko hizo za Amboni. Yeye mwenyewe alitaja pande zote mbili. Utagawaje fahari?

#25 MgosiWaMuheza
Mwachieni Mwalimu, kwao ni Kiomoni 😂 Mgeni, liwe la Amani au la Amboni, usichimbe mche ukapeleka Sahare. Ni kosa, na kwa joto la huko halitaishi.

#26 FundiGia
Sasa langu. Milima yote miwili, Amani na Lushoto, tatizo si kupanda, ni kushuka. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami nzuri, kona tupu. Watu wa tambarare hushuka wakiwa kwenye D, mguu kwenye breki mwanzo mwisho. Breki zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, yanaingia mvuke, unakanyaga pedali inashuka hadi chini kama sponji. Dalili ya kwanza ni harufu ya kuungua. Ukiisikia, simama pembeni penye nafasi nusu saa, usimwage maji kwenye diski, zitapinda.

Weka 2 au L kabla ya kuanza mteremko, si ukiwa katikati umeshapata kasi. Injini ishike gari, breki zikanyagwe kidogo na kuachiwa. Kabla ya safari angalia mafuta ya breki: kama ni meusi badilisha, yamenyonya unyevu na yatachemka mapema. Hewa ya tairi pima asubuhi tairi zikiwa baridi, fuata kibandiko cha mlango wa dereva, usipunguze eti kwa sababu ya matope.

Kwa watoto wanaotapika: dirisha wazi, waangalie mbele, simu wasishike, chai nzito ya maziwa Mombo waikose.

#27 MamaChumbageni
Lushoto kwa siku moja ni adhabu kwa wa miaka 4. Kutoka Tanga ni kama kilomita 160 kwa upande mmoja kupitia Segera na Korogwe. Laleni huko. Maporomoko ya Soni mnayaona njiani, Irente nendeni asubuhi kabla ukungu haujapanda, na hapo ukingoni hakuna wa kukushikia mtoto. Sweta kila mtu.

#28 ChuroMkongwe
Mbona Tongoni mmeiruka? Ni njia ya Pangani, chini ya kilomita 20 kutoka mjini, bora kuliko yote mliyotaja. Msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengi ya nguzo. Nguzo nyingi zimeanguka. Ile iliyosimama tazameni pale juu mtaona matundu ya duara, yalikuwa na bakuli za kauri kutoka China. Zimeng'olewa. Wengi wanayaweka kwenye karne ya 14 na 15.

Nendeni saa mbili asubuhi, jua likiwa chini michongo ya mawe inaonekana vizuri, saa sita yote inakuwa rangi moja. Watoto wasipande juu ya makaburi: jengo ni mawe ya matumbawe na chokaa, linabomoka kwa uzito wa mtoto, na ni makaburi ya watu. Wengine wanaomba dua pale mpaka leo.

#29 NahodhaMstaafu
Na hapo mbele ya Tongoni ndipo Vasco da Gama alipoichoma merikebu yake São Rafael mwaka 1499, mabaharia walikuwa wamepungua kwa maradhi, hawatoshi merikebu tatu.

#30 PopoWaKiomoni
Aliichoma kwa sababu ilipasuka mwambani. Kila mtu wa Tongoni anajua.

#31 ChuroMkongwe
Mnachanganya. Kupanda mwamba ni 1498 wakati wa kwenda, maji yalipojaa ikaelea tena. Kuchoma ni wakati wa kurudi, Januari 1499.

#32 PopoWaKiomoni
Kwa hiyo ilikuwa mbovu tangu mwaka uliopita. Si ndicho nilichosema.

#33 MgeniWaSahare
Asanteni sana wote. Huu ni Julai, na kalenda inaonyesha Jumamosi ijayo ni mwezi 18. Twende Maziwe?

#34 NahodhaMstaafu
Mwezi 18 maji yanakupwa karibu na saa sita. Ondokeni Pangani saa nne, vyombo vipakiwe saa nane. Inafaa.

#35 BintPangani
Haifai. Julai kusi inavuma, na saa nane upepo umeshasimama sawasawa, boti inarudi imelowa na mtoto analia. Ngojeni Oktoba au Novemba bahari ikilala, au mchague siku ya kukupwa saa nne ili saa sita muwe nchi kavu.

#36 MgosiWaMuheza
Basi njooni Amani, Julai kumekauka.

#37 FundiGia
Amani kumekauka lini? Kule kunanyesha hata mwezi ambao Muheza wanatafuta maji. Mgeni, piga simu Sigi Ijumaa jioni, uliza kama jana na leo imenyesha. Ikiwa imenyesha, gari liishie getini.

#38 MgosiWaMuheza
Manyunyu unaita mvua, fundi?

#39 ChuroMkongwe
Tongoni haina upepo, haina tope, na daladala za Pangani zinapita. Nasema tu.